Nusu ya Dawa

Nikisikia harufu ya javel, ile klorini ya kufulia na kutakasia maji, hata kwenye nguo za mtu anayepita, nageuza njia. Mnivumilie, jambo hili sijawahi kulisema nyumbani.

Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Goma, nyuma ya mtaa wa Himbi. Kipindupindu kilikuwa mtaani, na maji tulichota ziwani, Kituku. Pale ufukweni alisimama mama mmoja mwenye bomba kubwa la sindano lisilo na ncha. Kila bidoni ya lita ishirini aliitia dawa hiyo ya javel, bure, unasubiri nusu saa ndipo unywe. Bidoni ya kuoshea vyombo hatukumpelekea.

Mdogo wangu Neema, wa miaka minne, mkaidi wa kuzaliwa, aliyakataa maji yale. "Inanuka! Sitaki!" Mama alikuwa sokoni, jua kali, mtoto analia kiu. Na mimi, eti bingwa wa darasa! Wiki ile mwalimu alitufundisha règle de trois: kalamu tatu bei hii, kalamu sita bei mara mbili. Nilipata kumi juu ya kumi, kichwa kikavimba. Basi nikapiga hesabu: nusu maji ya dawa, nusu ya vyombo, harufu itabaki nusu. Na ugonjwa je? Nusu ya dawa, nikajijibu, itaua nusu ya ugonjwa, na nusu iliyobaki ni kitu kidogo. Neema akanywa kikombe, akaomba kingine. Nilijisifu kweli.

Kesho yake alianza kuharisha maji matupu. Tulimfikisha kituo cha afya macho yameingia ndani. Alasiri ile ile alikufa.

Baada ya mazishi Mama alinishika mkono tukateremka Kituku. Akamkunja nguo yule mama wa dawa mbele ya watu. "Ulitia maji tupu! Uliniulia mutoto!"

"Mama, nilitia dawa, Mungu ananiona," yule wa dawa alisema akilia. Watu wakamzomea. Mimi nilijua kikombe kile kilitoka wapi, nikatazama miguu yangu. Yule mama wa dawa hakurudi tena, na siku kadhaa watu walichota bila dawa.

Ukubwani nilielewa kwamba mwalimu hakukosea. Kalamu hufuata hesabu ile. Dawa ina kipimo chake, na ukishuka chini yake ugonjwa unabaki na nguvu zake zote. Hilo najisamehe, nilikuwa mtoto. Lakini Mama ni mzee sasa, na kila tukisali pamoja anamwomba Mungu ampe moyo wa kumsamehe yule mwanamke. Nami huitikia amina.