Mkunga Niliyemkataza Kwenda Msibani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo uso wangu hupata joto. Ni siku ambayo Mzee Mbaraka, wakili aliyenilea kazini, alilifunga jalada langu kwa kiganja kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu: "Mteja wako alikwenda kuzika?"

Ili ulielewe swali hilo, kwanza nikuambie mimi ni nani. Nyumba ile ya bati jekundu unayoiona ukishuka Ijuganyondo ni yangu, na hakuna ndugu aliyenichangia hata msumari. Nilitoka hapa na begi moja, nikaenda Dar es Salaam, nikauza mitumba mchana na kusoma jioni hadi nikapata stashahada ya sheria. Shahada na uwakili vilifuata huko huko Dar, lakini ukiingia ofisini kwangu utaiona stashahada imetundikwa juu ya vyote, kwa sababu ndiyo iliyonifungulia mlango. Watu wa mikoa mingine hututania Wahaya kwamba tunapenda kujisifu, wakituita nshomile, yaani "nimesoma". Mimi sikatai. Nimesoma! Na elimu hiyo nimeitumia kuwatetea madaktari, wauguzi na wakunga wanaposhitakiwa kwamba wamezembea na mgonjwa akadhurika. Niliowasimamia mahakamani wengi bado wamevaa makoti meupe, kuanzia Rubafu hadi Muleba, na wengine wakinikuta sokoni msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, hawaniachi nitoe hela yangu. Chanda chema huvikwa pete.

Lakini siku hizo ninazokusimulia pete ilikuwa bado. Nilikuwa kijana aliyerudi juzi tu kutoka Dar, tai imenikaba, viatu vina ncha. Mzee Mbaraka alinipa meza katika ofisi yake pale mtaa wa Bakoba. Babu yake alifika Bukoba kutoka pwani kwa biashara, akaoa, akazikwa hapa hapa. Mzee mwenyewe alikuwa Mwislamu wa kofia safi na Kiswahili kilichonyooka, na alipenda kunitania kuliko alivyopenda chai ya tangawizi, ingawa hiyo aliipenda sana.

Mteja mwenyewe aliitwa Editha, mkunga wa kituo kimoja cha afya cha mtu binafsi huko Muleba. Mikononi mwake alikuwa amefia binti aitwaye Jovina, aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Mtoto alipona. Jovina na Editha walikuwa watu wa kijiji kimoja, mashamba yao ya migomba yamepakana, wakisali kanisa moja. Editha alinijia macho yamevimba, kitenge amekifunga upande.

"Wakili, wanasema nilimwacha. Wanasema niliondoka wodini nikaenda kunywa chai."

"Uliondoka?"

"Niliondoka. Ila siyo..."

"Basi hapo hapo," nikamkatiza, nikainua kalamu kama askari wa barabarani. "Kuanzia sasa husemi neno hilo kwa mtu yeyote isipokuwa mimi. Na msibani usiende."

Akanitazama kama niliyemwambia asipumue. "Wakili, ni majirani zangu. Jovina nilimpokea yeye mwenyewe alipozaliwa."

"Ukienda utalia. Ukilia utasema pole. Ukisema pole, kesho wakili wao ataisoma mahakamani kwamba umekiri. Usiende."

Mwanangu, shauri hilo nililitoa vitabuni, sikulibuni. Hata leo ukiniuliza nitakwambia ulimi wa mteja lazima ulindwe, maana heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Editha akanitii. Akajifungia ndani, akawa anasikia majirani wakipita na mikungu ya ndizi kichwani kwenda kwa wafiwa, wakifika mbele ya mlango wake wanapunguza sauti, wakishapita wanaipandisha.

Nawe ni mtoto wa huku, huhitaji kuambiwa. Kwetu msiba haualiki mtu. Hata mliogombana kwa mpaka wa shamba, mmoja akifiwa mwingine anabeba mkungu wake, anakwenda, anakaa. Asiyekwenda watu hawamdhanii mgonjwa wala mwenye shughuli. Wanajiuliza ana nini na marehemu. Baba yake Jovina, Ta Laurian, yaani Mzee Laurian, mwanzoni alikuwa na uchungu tu. Kiti cha Editha kilipobaki kitupu hadi watu wakatawanyika, uchungu ule ukapata jina. "Angekuwa na moyo safi angekuja," alisema mbele ya watu. Akaenda mjini, akatafuta wakili, ikaja barua ya madai, ikafuata kesi. Kanisani watu wakaacha nafasi pande zote mbili za Editha. Akina mama waja wazito wakaanza kuvuka kilima kwenda kujifungulia kwingine. Alikuwa na leseni ya kupoteza, ndiyo, ila zaidi ya leseni alikuwa na kijiji.

Na mimi? Mimi nilikuwa nafurahi. Kesi kubwa ya kwanza! Nikaandika utetezi mrefu wenye maneno ya Kilatini, nikampelekea Mzee Mbaraka nikitegemea sifa. Ndipo akalifunga jalada na kuniuliza swali lile.

"Nilimkataza, Mzee," nikasema, tena kwa majivuno kidogo. "Kumlinda."

"Ulimkataza." Akarudia polepole, kana kwamba anatafuna kitu kichungu. "Wakili msomi, wewe ni Mhaya?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wa kuzaliwa au wa kununua?"

Karani wa ofisi akainama chini ya meza yake akijifanya ameangusha kalamu.

"Babu yangu mimi alitoka pwani hajui mgomba unakatwa wapi," Mzee akaendelea. "Leo mjukuu wake ndiye anakufundisha wewe mila za kwenu? Ulimi wa mteja ulistahili kuufunga, sawa. Miguu ulimfungia nini? Ungemwambia aende, akae na wenzake, anyamaze. Nani angemsoma mahakamani mtu aliyekaa kwenye mkeka amenyamaza? Umemfungia ndani kama kuku anayeatamia, halafu unashangaa watu wanasema ana mayai!"

"Lakini sasa msiba umekwisha, Mzee."

"Msiba hauna kuchelewa, una kutokwenda. Nipe simu."

Nikadhani anampigia Editha. Alimpigia wakili wa upande wa pili, kijana aliyekuwa mkali kama mimi. Maana, mwanangu, wakili haruhusiwi kuingia nyumbani kwa mtu mwenye wakili wake akaanza kuzungumza naye kwa mlango wa nyuma. Mzee hakupenda njia za panya. Akamwambia kijana yule: "Nataka mteja wetu akahani, awape wafiwa pole. Njoo na wewe, uwe macho ya mteja wako. Ila tukubaliane kama waungwana, yatakayosemwa pale yabaki pale, yasiguswe mahakamani." Kijana akasitasita, kisha akakubali. Nadhani naye alikuwa na mama aliyemlea vizuri.

Tukaondoka Bukoba kwa pikapu ya Mzee, kijana yule mbele pamoja naye, mimi nyuma na mkungu wa ndizi, tai yangu inapepea. Muleba tulimchukua Editha, aliyetusubiri barabara kuu. Alikuwa amekata mkungu mwingine mwenyewe, na tulipokaribia nyumba ya wafiwa akaomba ateremke, akaubeba kichwani, akamalizia njia kwa miguu. Sisi tukamfuata nyuma yake.

Ta Laurian alikuwa amekaa mlangoni. Hakuinuka.

"Umekuja na mawakili," akasema.

"Nimekuja na ndizi, Ta," Editha akajibu, akautua mkungu, akapiga magoti.

Kule ndani mtoto mchanga akakohoa, mtu akambembeleza. Ma Anastazia, mamake Jovina, akatoka, akatusogezea mkeka bila kumtazama yeyote. Tukakaa. Nilikuwa nimemfunza Editha njiani: useme pole ya msiba, unyamaze, tuondoke. Akasema pole. Akanyamaza. Nikaanza kupumua.

Ta Laurian akamgeukia. "Siku ile uliondoka ukaenda wapi?"

Nikakohoa, nikafungua mdomo nimzuie. Kiatu cha Mzee Mbaraka kikatua juu ya kidole changu cha mguu na kubaki pale.

"Nilikwenda barabarani, Ta," Editha akasema. "Gari la kituo halikuwapo. Dawa niliyokuwa nayo nilimpa, damu haikusimama. Nikamwacha na mhudumu, nikakimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali. Ningemtuma mhudumu, mimi nikabaki. Hilo najiuliza kila siku. Niliondoka mimi mwenyewe."

Mwanangu, lile ndilo neno nililoliogopa tangu mwanzo. Limesemwa mbele ya wakili wao, kwa sauti safi. Nikamtazama kijana yule. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nikapata lori la kahawa," Editha akaendelea. "Dereva alishusha magunia yake tukampandisha. Alikuwa hai. Kichwa chake nilikilaza hapa." Akaligusa paja lake. "Hatukufika."

Ma Anastazia akageuka kwa mara ya kwanza. "Hakufia kitandani peke yake?"

"Hapana, Ma. Alikuwa na mimi."

"Kituoni waliniambia tu kwamba amefariki. Nilidhani amekufa peke yake." Akamsogelea. "Alisema kitu?"

"Aliuliza mtoto ni wa kiume au wa kike. Nikamwambia wa kike. Akasema, mama atafurahi."

Sitakusimulia kilio kilichofuata, kwa sababu hata mimi niliyesoma nililia, na tai ikanifaa kwa kazi ambayo sikuinunulia. Ta Laurian hakulia. Akamgeukia mkewe, akasema kwa Kihaya ampe kikapu.

Kikaja kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Wewe unajua: mgeni hapewi kahawa mpaka mwenye nyumba ameonja kwanza, na adui hapewi kabisa. Ta Laurian akachukua punje, akaitazama, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole. Halafu akanyoosha kikapu, akawapita mawakili wote watatu na usomi wetu, akampa Editha.

"Chukua, mwanangu," akamwambia. "Ulikawia sana."

Usifikiri kesi ilifutwa pale pale. Ta Laurian alikuwa amefiwa na binti, na alikuwa na haki ya kuuliza gari la kituo lilikuwa wapi. Jina la Editha likaondolewa, madai yakabaki kwa mwenye kituo, na Editha akasimama kueleza alichokiona. Baraza la taaluma yake nalo lilimwita, yeye mwenyewe akawaeleza kwamba aliondoka wodini, wakampa onyo kwa hilo. Alilipokea bila ubishi. Leseni ikabaki. Mimi nilipoteza kesi yangu kubwa ya kwanza bila kuvaa hata joho, na Mzee Mbaraka akawa anatangaza mjini kuwa nina kipaji cha pekee cha kupeperusha tai kwenye pikapu. Akina mama wa kile kijiji walirudi kwa Editha, si wote, si kwa mara moja. Wa kwanza alikuwa mdogo wake Jovina.

Mzee Mbaraka ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nilikwenda kumzika, nikakaa kwenye mkeka tangu asubuhi, na nilinyamaza.

Basi mwanangu, nisikilize, wewe unayesomea uuguzi, wewe unayesomea udaktari, nawe unayetamani joho kama langu. Mgonjwa akikufia, na watakufia hata ukiwa hodari, maana hakuna daktari aliyemfunga Mungu mkono, nenda kwa wafiwa. Nenda mapema. Beba mkungu wako kama mtu mwingine yeyote, usivae koti jeupe, kaa chini. Pole ni deni la utu, na kumpa mtu pole si kusema umeua. Mengine mwambie wakili wako kwanza, yote, hata lile linalokuumbua, kwani mficha maradhi kilio humuumbua, na wakili uliyemficha atakuumbua bila kutaka. Ila wakili akikwambia usikanyage msibani, mwambie Mzee mmoja wa Ijuganyondo amekataa, tena mwenye stashahada.

Nawe wakili kijana, jifunze sheria mpaka ikutoke puani, mimi ninayekuambia nimeijua na imenijengea nyumba. Lakini kabla hujafungua jalada, muulize mteja wako anaishi na nani, na kesi ikiisha atarudi kukaa katikati ya nani. Hakimu atamwona siku chache tu. Majirani watamwona mpaka kufa.

Mungu akupe mikono itakayopokea watoto wengi walio hai. Siku atakapokunyima mmoja, akupe jirani wa kukusogezea mkeka. Akuongezee elimu, na akiwa ameshakuongezea, akutumie mtu wa kukukanyaga kidole kwa wakati wake. Nenda, mwanangu, na salama ikutangulie.