Nimejengea mzee wangu gari ya baba yake, ile ya taa za shaba

Salaam aleikum wakuu. Na wale wa habari, habari zenu pia, na za watoto na mifugo.

Mimi ni mama mzee, niko Isiolo, mtaa ya Chechelesi. Shule mimi nilisikia tu kengele yake. Hapa naongea, simu inaandika. Mkiona imeandika kitu ya ajabu hapo katikati, mgombane na simu.

Lakini hii nawaambia imetokea. Mwenye hataamini akuje nyumbani. Gari iko juu ya kabati ya vyombo, na chai haikosi.

Nimeona hapa vijana mnaonyesha model za magari. Mnanunua imekatwa tayari ndani ya box, mnabandika na gundi. Ni safi, sikatai. Yangu ilikuja na njia ingine.

Mzee wangu, yaani bwanangu, macho ilianza kupotea. Presha ya macho. Daktari akasema ile imeenda imeenda, na hii kidogo imebaki tutaishikilia na dawa, lakini nayo iko njiani.

Tukarudi nyumbani. Mzee alitoa picha ya baba yake kwa ukuta, akaiweka karibu na pua, akaangalia.

Wacha niwaelezee hiyo picha.

Watu wa mzee wangu ni wale Wasomali walikuja na jeshi ya Mwingereza, wakaambiwa mkae hapa. Wakakaa mpaka leo. Baba yake akiwa kijana aliandikwa na mzungu fulani kuchunga gari. Gari ya zamani kabisa, ya wakati gari bado inafanana na mkokoteni. Gurudumu iko na miti ndani, paa ni kitambaa, na mbele yote ni shaba inawaka: taa, rejeta, honi. Hata wakati huo watu walikuwa wanasema imezeeka.

Kazi ya baba ilikuwa kupiga hiyo shaba msasa ya majivu na ndimu. Na kuzungusha ile chuma ya mbele, crank, ndio injini iamke.

Kwa picha amesimama kando ya gurudumu ya mbele, kofia kichwani, fimbo mkononi.

Mzee wangu hiyo gari hakuikuta. Ilienda kabla azaliwe. Lakini hadithi yake amekula nayo na amelala nayo. Mimi mwenyewe kwa hii nyumba nimesikia habari ya hiyo gari kuliko habari ya shangazi zangu.

Sasa siku hiyo ananiambia, "Mama Fatuma, hii picha imekuwa moshi. Naona kofia ya baba tu."

Nikamwambia, basi nitaitoa hiyo gari huko ndani. Nitaijenga ikae hapa mezani, kubwa, uione vizuri kabla hiyo macho haijafunga.

Alicheka! "Wewe hata baiskeli hujawahi panda."

"Na kwetu Biliqo nyumba inajengwa na nani? Si ni wanawake?"

Mimi nimezaliwa Biliqo, kwa Waborana, nyumba tunashona kama kikapu. Gari nayo ni nini? Ni nyumba iko na magurudumu.

Nyinyi mnaongea sana mambo ya scale, hiyo vipimo yenu. Mimi scale yangu ilikuwa fimbo. Ile fimbo ya baba bado iko nyuma ya mlango yetu. Na kwa picha imefika juu ya gurudumu, sawa kabisa, haikuzidi haikupungua.

Nikakata fimbo ingine, urefu ya kidole yangu ya katikati. Hiyo ikawa fimbo ya baba. Gurudumu ni fimbo moja. Kutoka gurudumu ya mbele mpaka ya nyuma, fimbo tatu. Kiti iko juu kupita fimbo. Kila kitu nilipima hivyo, na gari ikatoka ndefu kama sinia ya pilau.

Mbao nilitoa kwa sanduku ya chai. Miti za ndani ya gurudumu ni miswaki, ile ya kusugua meno, ni migumu na haipasuki. Mpira ni tubu ya boda boda. Rejeta ni chujio ya chai. Msicheke, piga picha uweke karibu na ya mzungu uone.

Shaba nilikuwa nayo. Stovu ya kizamani ya kupiga pampu, imelala chini ya kitanda tangu Fatuma wetu akiwa mdogo. Nikaipeleka sokoni kwa Guyo, fundi ya bangili.

Guyo huniita Ako, ni kusema nyanya kwa Kiborana. Akaangalia taa nimechora kwa mchanga. "Ako, hii ni bangili ya kuku?"

"Ni taa. Weka chimni juu, ilikuwa inawaka na moto."

"Na gari inaenda wapi usiku?"

"Inaenda kwa mzee. Piga nyundo, wacha domo."

Alitengeneza vizuri, Mungu ampe. Taa mbili kubwa, mbili ndogo za kando, na mdomo ya honi. Ile mpira ya kufinya honi mimi niliweka ile ya kunyonya mtoto makamasi. Ni mpya, sio ya mtu.

Sasa hapa ndio niliharibu.

Viti nilitaka ngozi. Nikachukua ngozi ya mbuzi nikaishona vile naijua. Na ngozi mimi naijua na njia moja tu, ya kwetu: unaifukiza na moshi kama kibuyu ya maziwa, halafu unaipaka samli mpaka ilainike. Ikang'aa. Nikaiweka kwa gari, nikaacha gari mezani, nikaenda kuswali.

Kurudi, paka ya jirani imebeba kiti ya nyuma. Na kwa vile nilishona kiti na gari pamoja, imevuta gari nzima mpaka chini. Gurudumu imepasuka, taa imekunjika, paa iko na meno ya paka.

Nilikaa chini kwa sakafu. Si gari nilikuwa nawaza, nilikuwa nawaza macho ya mzee. Kazi ya miezi, na yeye hana miezi.

Nikaanza tena. Miswaki tena, Guyo tena. Ngozi ingine, moshi nikaweka kwa sababu mkono imezoea, lakini samli hapana.

Nilikuwa nimebakisha paa. Asubuhi moja mzee amekaa kwa kiti yake, akaniuliza, "Kwani leo hamjafungua madirisha?"

Madirisha yote ilikuwa wazi. Jua ilikuwa imemfikia mpaka magoti.

Nilimwambia nafungua sasa. Nikafunga moja, nikaifungua na kelele. Akatikisa kichwa. Alikuwa amejua.

Basi nikafunika gari na leso. Guyo akiuliza habari ya gari, nasema wacha tu. Nilikuwa nimeshindwa, wakuu, nisiwafiche. Nilikuwa nimeahidi mtu ataona, na nimechelewa kwa sababu ya paka.

Ni mzee mwenyewe aliuliza. "Gari ya baba imefika wapi?"

"Ya nini sasa?"

"Kwani nimekufa? Lete."

Nikamwekea kwa mapaja. Kwanza alinusa. "Hii ni gari ama ni kibuyu?"

Halafu mikono ikaanza kutembea. Polepole. Taa, chimni ya taa. Chujio, akapitisha kucha, krrr. Miswaki ya gurudumu, mmoja mmoja. Kiti. Usukani. Nilikuwa nangoja kama mtu anangoja matokeo ya mtihani.

Akarudi mbele, akashuka chini ya rejeta, akapata crank. Akajaribu kuzungusha.

Haikuzunguka. Mimi nilikuwa nimeibandika na gundi. Kwa picha si inaonekana imesimama tu?

Akatoa mkono. "Mama Fatuma, baba hakuwa dereva. Kazi yake ilikuwa hapa. Hii ndio alikuwa anashika."

Hakusema kwa ubaya. Lakini ilikuwa ukweli. Kitu yote nimetengeneza ya kuangaliwa, na ile moja ya kushikwa nimeigundisha.

Nikaikata hiyo crank. Guyo akaweka chuma mpya iko na meno kidogo ndani, ukizungusha inasema tik, tik, tik.

Nikamrudishia mzee. Na muone hii: alishika na vidole, lakini kidole gumba hakukipitisha upande ile ingine, alikiweka upande moja na vingine. Nikamuuliza mbona unashika hivyo. Akasema injini ikirudi nyuma inavunja hicho kidole, baba alimfundisha na mwiko ya ugali akiwa mtoto.

Hajawahi kuzungusha gari yoyote hivyo maisha yake. Akazungusha. Tik, tik, tik. Akazungusha tena.

Halafu akasema, "Niletee ile fimbo yako ya kupima."

Nikampa. Akaisimamisha kando ya gurudumu ya mbele, akapitisha kidole juu. Fimbo na gurudumu, sawa.

"Hapo," akasema. "Alikuwa amesimama hapo."

Fimbo sikuitoa tena. Iko hapo kando ya gurudumu mpaka leo.

Kile nimejifunza ni hii. Ukijengea mtu kitu, muulize kwanza atashika wapi. Mimi nilikimbizana na macho yake mpaka nikasahau ako na mikono. Na samli kwa gari usiweke.

Sasa wakuu wa model, niko na shida na ndio imenileta hapa. Honi hailii. Mzee anafinya ile mpira kila asubuhi baada ya chai, inatoa upepo tu, ananiambia gari imeshikwa na homa. Nani anajua niweke nini ndani ya huo mdomo ya shaba ndio ipige kelele ya zamani?

Mzee ako hapa kando yangu anangoja majibu. Anasema niwaambie isiwe kama ya boda boda.