Jumamosi ya Kumwaga Zege

Kanisa lile nililichukia kabla halijafika hata kwenye lenta, juu ya madirisha. Si kwa ajili ya dini. Sisi Waislamu, kwao rafiki yangu Walokole, na nyumba zetu zinatazamana tangu tukiwa wadogo. Sikukuu ya Idi yeye anakula pilau kwetu, Krismasi mimi nakula kwao. Nililichukia kwa sababu lilininyang'anya Jumamosi zangu.

Jumamosi ndiyo siku niliyokuwa namsuka rafiki yangu. Twende kilioni, mistari iliyonyooka, ndiyo shule yetu inayoruhusu. Anakaa mkekani, kichwa kati ya magoti yangu. Mimi mbele ya watu sina sauti, hata mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua naangalia dawati. Lakini nikishika kichwa chake naongea mpaka ananiambia, "Punguza shoga, masikio ninayo mawili tu."

Basi ujenzi ukaanza, kando ya barabara ya kwenda Dar. Jengo kubwa, nguzo zimeipita minazi, hata bodaboda wakifika pale wanapunguza mwendo waangalie. Kila Jumamosi vijana wa kanisa wakawa wanaitwa kusomba mchanga na kokoto. Naye akaenda. Mimi na chanuo langu tukabaki barazani. Jioni alirudi na vumbi la saruji kwenye kope, na mdomoni habari za mtu mmoja tu: msichana aliyehamia kutoka Dar, mwimbishaji wa mapambio. Huyo anachekesha, huyo haogopi kipaza sauti.

"Aa, vizuri," nikasema. Rohoni nilikuwa nawaka.

Jumatatu moja akaja darasani amesukwa.

"Nani kakusuka?"

"Yule wa mapambio. Tulikuwa tunapumzika, akasema kaa hapa."

Mistari ilikuwa imepinda. Nilikaa nyuma yake vipindi vyote nikiitazama, na sijui siku ile tulifundishwa nini.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa nilikwenda, maana mama huwauzia mafundi chapati, na siku hiyo watu walikuwa wengi mno. Waumini walisimama mstari mmoja kutoka kwenye mashine mpaka juu ya ngazi ya mbao, ndoo zikipita mkono kwa mkono, mikono ikifuata pambio. Wale wawili walikuwa bega kwa bega. Nilikata vitunguu huku nikiwachungulia, na machozi yaliponitoka nikavisingizia vitunguu.

Mara yule mwimbishaji akachomoka kwenye mstari, akaja kwetu.

"Bwana asifiwe, mama!"

"Salama, mwanangu," mama akamjibu. "Chapati za kusukuma au za maji?"

Huku nyuma fundi mkuu akapiga kelele, "Pengo! Pengo hilo! Zege halilali, jamani!" Rafiki yangu alikuwa ameshika ndoo iliyojaa, hana wa kumpa. Akaniona.

"We, njoo!"

Watu wote wale wananitazama, nami nikaenda, na mtandio wangu na mikono inanuka vitunguu. Nikaipokea ndoo.

"Mama Chapati!" fundi akacheka. "Binti yako ameokoka!"

"Aokoke na nini, kwani alikuwa anazama?" mama akamrudishia. Mstari mzima ukaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sikutoka.

Mwimbishaji akarudi akijifuta mdomo. "Ahsante, mdogo wangu. Nipishe sasa."

Sikusogea. "Shika hapo mbele," nikamwambia. Akashika, bila kinyongo, na hilo likaniudhi zaidi. Kila ndoo iliyotoka kwa rafiki yangu kwenda kwake ilipita kwangu kwanza.

Kisha mwimbishaji akainama, akamwambia rafiki yangu kwa kunipita, kama vile mimi nguzo, "Kesho baada ya ibada nikufumue, nikusuke upya?"

Ndoo nusura initoke. Rafiki yangu alinitazama mimi, akamtazama yeye.

"Nisukeni wote wawili. Mmoja kulia, mmoja kushoto. Msinigombanie."

Jumapili tukamsuka barazani kwetu. Mwimbishaji, upande wa kushoto, aliimba tu, mikono ikienda ovyo, hakujua hata kama tunashindana. Mimi upande wa kulia nilibana mpaka mwenye kichwa akalia, "Utaning'oa!"

Jumatatu darasa zima lilikicheka kichwa kile. "Huku kulia kakusuka nani?" msichana mmoja akauliza, akipitisha kidole kwenye mistari. Rafiki yangu akanionyesha. Nikaangalia dawati kama kawaida yangu, masikio nimeyatega.

Wa kushoto hakuna aliyemuulizia.