Baba Alipoacha Kuitwa Sharifu

Watu wa Geita walimwita baba yangu Sharifu, na nilipokuwa mdogo nilidhani hilo ndilo jina lake. Tulikuwa na duka la vitambaa karibu na soko. Asubuhi wachimbaji wa dhahabu walipita kabla ya kushuka kwenye maduara, mashimo yao ya kuchimbia, wakainamisha vichwa, naye akawaombea dua huku mkono mmoja bado umeshika mkasi. Waliamini dua ya mtu wa kizazi cha Mtume haichelewi kufika. Baba hakuringa. Alijua tu, kama mtu anavyojua kibla kiko upande gani, kwamba babu yake alikuwa mfanyabiashara Mwarabu aliyehamia Shinyanga, na kwamba nasaba ya mzee yule ilipanda baba kwa baba hadi kwa Mtume.

Sura yake ilikuwa ya Kisukuma tupu. Watu walisema damu ya upande wa mama imeshinda, naye akacheka.

Mwaka juzi jamaa zetu wa Tabora walianza kukusanya shajara, yaani orodha ya nasaba ya ukoo mzima. Kila tawi lilitakiwa kupeleka majina yake. Baba akanipa kazi hiyo mimi, kwa kuwa ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka.

"Nenda Nyahanga kwa shangazi yako," akaniambia. "Ndiye aliyemuuguza babu yako. Anayajua yote."

Shangazi, dada mkubwa wa baba, anaishi huko Nyahanga, Kahama. Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikafungua daftari, nikaanza kumsomea: baba, babu, kisha yule Mwarabu. Hapo akaweka ungo chini.

"Huyo usimwandike kwanza."

"Kwa nini, shangazi?"

"Hakumzaa babu yako. Alimlea."

Akanisimulia. Mwaka mmoja wa njaa, yule mfanyabiashara alipita Mhunze akakuta mtoto wa Kisukuma aliyefiwa na wazazi wote wawili, amebaki na bibi kizee asiye na cha kumlisha. Bibi akamwomba amchukue. Akamchukua, akamsomesha Kurani, akampa jina lake, wala hakumbagua na wanawe hata siku moja. Babu mwenyewe ndiye aliyemwambia shangazi haya katika ugonjwa wake wa mwisho.

"Sasa mbona hukumwambia baba?"

"Kila nikija Geita nakuta watu wanambusu mkono. Ningeanzia wapi, mwanangu?"

Ndani ya basi, wakati wa kurudi, nilifikiria kunyamaza. Ningeandika jina la yule Mwarabu tu, mambo yakaisha. Lakini nilimjua baba. Siku akija kuligundua, kitakachomuumiza zaidi ni kwamba mimi nilijua.

Nikamwambia palepale dukani. Alikuwa anakunja doti ya kanga. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Shangazi yako alisema hivyo kwa kinywa chake?"

"Ndiyo, baba."

"Basi ni kweli." Akakaa. "Dini imetukataza kujinasibisha na asiyetuzaa. Nimelibeba jina la watu bila kujua. Sasa nimejua."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, aliomba ruhusa ya kusema. Sikuwa upande wa wanaume, lakini sauti yake ilivuka pazia bila kutetemeka.

"Ndugu zangu, mmeniita Sharifu miaka mingi. Mimi si Sharifu. Babu yangu ni Msukuma wa Mhunze ambaye hata jina lake silijui bado. Aliyetoa heshima yake kwangu kwa sababu ya nasaba, namwomba anisamehe."

Upande wetu mwanamke mmoja alianza kulia. Mimi sikulia. Nilikaa wima nikitaka kila mtu ajue huyo ni baba yangu.

Baadhi ya wachimbaji hawakurudi. Mmoja alirudi Jumatatu, akasimama mlangoni. Akasema, "Mzee, shikamoo. Leo tunashuka duara jipya. Utatuombea?"

"Marahaba. Nitawaombea, lakini kama mzee tu."

"Hata mzee anatosha," akasema, akainama.

Mwezi uliofuata tulikwenda Mhunze, baba na mimi. Tuliuliza nyumba kwa nyumba hadi tukaelekezwa kwa mkulima mmoja mzee, Mkristo, mwenye rozari shingoni. Baba alipomaliza maelezo yake, mzee yule alimtazama usoni.

"Tulihadithiwa habari za mtoto aliyeondoka na Mwarabu," akasema. "Bibi yake alimngojea hadi kufa kwake. Huyo mtoto na baba yangu walikuwa watoto wa ndugu wawili."

Akatutajia majina, nami nikaandika. Yaliishia kwa mtu wa sita, ambaye zamani alikuwa akiiombea nchi mvua, na watu walitoka mbali kumfuata. Zaidi ya hapo mzee hakujua, na hakuona haya kusema hajui. Kisha akawaita wajukuu zake waje kumwamkia babu yao wa Geita.

Msimu uliopita baba alikwenda Mhunze kuwasaidia kuvuna dengu. Alirudi na malengelenge viganjani, akamwonyesha kila aliyeingia dukani.