Bi Kidawa na Timu Isiyo na Kipenga

Bi Kidawa wa Ndagoni hakuwa mtu wa kumwamini mgeni aliyepiga hodi huku anatabasamu. Kwa hiyo Mwalimu Warda alipoingia uani kwake, akatoa shikamoo, kisha akaanza kuisifu mikono ya Ruwaida, bi Kidawa aliitikia marahaba na hapohapo akajiuliza: huyu anatafuta nini?

Ruwaida alikuwa binti yake wa pekee, msichana wa miaka kumi na sita. Alichelewa kusema, na hata sasa maneno yake yalikuwa ya kuokoteza. Kelele zilimuumiza kama kipigo, na mtu akimgusa ghafla alipiga ukelele uliofika barabarani. Majirani walisema ana shetani. Daktari mmoja wa Kilindoni alisema ni usonji, akaeleza kuwa si laana wala ugonjwa wa kuambukiza, ndivyo alivyoumbwa. Bi Kidawa alifarijika, ila faraja hiyo haikuwazuia watu kucheka. Akajifunza kufunga mlango.

Alikuwa na sababu. Waliwahi kuja wageni waliovaa fulana za kufanana, wakampiga Ruwaida picha akilia, wakaahidi kurudi. Hawakurudi. Iliyorudi ni ile picha, kwenye simu ya jirani yake Somoe, na chini yake watu wasiomjua wakimhurumia na wengine wakimfanyia mzaha.

"Tunaanzisha timu ya netiboli," Warda alisema. "Ya wasichana wote, wenye usonji wakiwemo. Nilimwona Ruwaida pwani akirusha mafungu ya mwani kwenye tenga. Hakosi."

"Na kwa nini ulikuwa unamwangalia mwanangu?"

"Nilikuwa napita tu, bi Kidawa."

"Mtapiga picha?"

"Hapana."

"Nani anawafadhili?"

"Hakuna. Hata mpira wenyewe tumeazima shuleni."

Jibu hilo lilimtia bi Kidawa wasiwasi zaidi. Mtu asiyepata chochote, kinachomhangaisha ni nini? Lakini walipogeuka, Ruwaida alikuwa ameshauchukua mpira aliokuja nao Warda na kuukumbatia, na hakuna aliyeweza kumbandua nao.

Basi akamruhusu, naye akamfuata kwa nyuma mpaka uwanja wa shule. Kila alasiri alijibanza kwenye kona ya darasa akachungulia. Aliyoyaona hayakumpendeza. Warda hakuwa na kipenga. Alipotaka mchezo usimame aliinua kitambaa cha njano. Wasichana walizungumza kwa sauti ya chini. Kocha gani anafundisha mpira kimyakimya, kama hataki wapita njia wasikie? Pembeni ya uwanja palikuwa na stoo, na mara kwa mara Ruwaida aliingia humo, mlango ukafungwa nyuma yake.

Kisha siku moja binti akarudi na alama nyekundu kwenye kifundo cha mkono.

"Nani amekufanya hivi?"

"Stoo," Ruwaida alisema.

Somoe, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, alitikisa kichwa. "Wanamfungia huyo. Wakishindwa naye wanamfunga mikono wanamtia ndani. Utakuja kuniambia."

Kesho yake bi Kidawa aliuacha mwani wa shamba lake la baharini kwenye kamba, nusu umefungwa nusu haujafungwa, akaenda moja kwa moja uwanjani. Ruwaida hakuwemo mchezoni. Akakimbilia stoo, akasukuma mlango, haukufunguka. Akausukuma kwa bega mpaka kitu kizito kikaburuzika kwa ndani, akaangukia chumbani akiita jina la mwanawe.

Ruwaida alikuwa ameketi juu ya jamvi, mgongo ukutani, hakufungwa kwa chochote, akivuta na kuachia mpira wa nywele aliouvaa mkononi. Alipomwona mama yake akimwangukia hivyo, akaziba masikio na kupiga ukelele.

Warda alifika, akachutama mlangoni bila kuingia. Alingoja mpaka Ruwaida akatulia. "Akizidiwa na kelele anakuja humu," akasema polepole. "Hilo jiwe analiegesha mwenyewe, na hatuingii mpaka atoke. Ile alama ni ya mpira wa nywele. Akiingiwa na hofu anauvuta."

"Ulijua kuwa anajiumiza?"

"Nilijua. Niliogopa utamkataza kuja."

"Kwa hiyo ulinificha."

"Nilikuficha, bi Kidawa. Nimekosa."

Bi Kidawa alihisi hasira na aibu kwa pamoja, asijue ipi aishughulikie kwanza. "Ruwaida, twende nyumbani."

Ruwaida alisimama, akampita mama yake, akaenda uwanjani. "Sitaki," alisema. "Nacheza."

Hakuwa amewahi kumkatalia kwa neno. Bi Kidawa alitoka akakaa kwenye mstari, akaangalia mpira ukipita kwenye pete mara baada ya mara.

Tangu hapo hakujificha tena. Alikuja na kigoda chake, akamhoji kila mgeni, na aliyetoa simu aliambiwa airudishe mfukoni. Ndipo akina mama wengine, waliokuwa wamewafungia watoto wao ndani, wakaanza kumjia. Waliona kwamba mahali palipopita kwenye macho ya bi Kidawa hapawezi kuwa na jambo lililofichwa. Aliwaambia yote, hata ya stoo.

Timu ilipokwenda kucheza kijiji cha Kanga, refa alikuja na kipenga shingoni. Warda alimkumbusha kwamba walikubaliana kutumia kitambaa. "Mchezo una sheria zake," refa alisema. Bi Kidawa aliinuka kwenye kigoda, akiamini kabisa kuwa ule mwaliko ulikuwa mtego wa kumfanya mwanawe achekwe na watu. Kabla hajafungua kinywa, nahodha wa Kanga alisema, "Sisi tumeshazoea kitambaa, tumefanya mazoezi nacho." Refa akavua kipenga.

Timu ya Ndagoni ilifungwa, na vibaya. Ruwaida alitumbukiza magoli kadhaa, akatoka kupumzika kivulini alipotaka, akarudi. Kijana mmoja alisahau kuwa watazamaji waliombwa wasipige kelele, akashangilia kwa nguvu; Ruwaida akaziba masikio, akangoja, akarudi kwenye nafasi yake.

Kwenye gari la kurudi, Warda alisimama mbele ya kiti cha bi Kidawa. "Je, sasa unaniamini?"

"Bado," alisema bi Kidawa, akajisogeza ampe nafasi ya kukaa.