Namba ya Marehemu Haigawiwi

"Kama ni kuogopa, wifi, ungeogopa ukiwa nyumbani kwako," alisema mjane. "Hapa ivae hiyo namba, tumalize."

"Namba si koti," Bi Funguo akamjibu. "Koti la marehemu ukilivaa likakubana, unalivua."

Walikuwa wakivutana hivyo tangu saa nne asubuhi, ndani ya chumba cha seva cha ofisi ya ramani, chumba chenye baridi ya kutafuna mifupa na mvumo usiokatika, kama nyuki elfu waliofungiwa mtungini. Mjane alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe halali wala halii; anachungulia juu ya bega la mama yake na kutazama mahali pamoja tu, kwenye kasha la chuma la kuhifadhia mafaili, lililokaa rafu ya chini.

Na kasha lilikuwa linagonga. Kok. Kok. Kimya. Kok. Bi Funguo alijua ni diski inayokata roho. Diski ikichakaa hugonga hivyo, na hii isingefika jioni. Alijua sana. Lakini kujua ni jambo moja, na kumsikia mtu akibisha kutoka ndani ya kasha la kaka yako ni jambo lingine.

Jina la Bi Funguo hakupewa na mama yake. Alipewa na ofisi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua nani afungue faili lipi. Hata mkurugenzi, siku akisahau neno lake la siri, alikuwa akimjia ameinamisha shingo kama kuku aliyenyeshewa. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya kaka yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemfundisha, kisha akaugua wiki mbili tu akaenda zake, akimwacha mkewe na mimba iliyoingia miezi mitatu ya mwisho. Sasa ni mwezi wa nane tangu azikwe.

Kila siku saa sita mchana programu ya nakala huamka, ikapita kwenye mafaili yote ya ofisi, ikanakili moja moja, kisha ikaandika ripoti. Nakala hizo ndizo roho ya akiba: kasha likifa, ofisi inaishi. Ila ndani ya kasha kulikuwa na folda moja iliyogoma kunakiliwa, folda ya kaka, iitwayo SAUTI. Kila faili lililokuwemo liliandikwa kwenye ripoti kwa mstari mwekundu: ruhusa imekataliwa. Mjane alijua kilichomo. Mumewe alimnong'oneza kitandani, siku ambazo pumzi bado zilimtosha, kwamba amerekodi maneno ya kumwachia mtoto. Mtoto hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake, na kasha likinyamaza hataisikia maisha. Hilo ndilo lililomtoa mjane nyumbani asubuhi ile, ndala miguuni, bila kumuaga mtu.

Bi Funguo alishajaribu kila mlango, tangu mwezi uleule wa msiba. Alitumia ufunguo mkuu, ule unaofungua seva nzima, kasha likamkatalia mchana kweupe. Kaka alikuwa amelitega kwa akili zake: ukilijia kwa njia ya mtandao, hata mwenye ufunguo mkuu anahesabiwa mgeni, anaachwa barazani. Neno la siri la kasha lenyewe alizikwa nalo. Bi Funguo akaiuliza mashine folda ni mali ya nani. Mahali pa jina palikuwa na tarakimu tupu: 1014. Maana mashine haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa namba; majina ni yetu sisi, ya kuitana kwenye chai. Na jina la kaka alilifuta yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, wiki ileile ya msiba, kwa sababu mkurugenzi alitaka orodha iwe safi. Jina likaondoka. Namba ikabaki imeketi mlangoni, haina uso.

Dawa ilikuwa moja: kuumba mtumiaji mpya, kumpa namba ileile, kisha kuliendea kasha kwa namba hiyo. Kasha lingesema karibu, mwenye nyumba. Ni kazi ya dakika mbili. Bi Funguo alishawafanyia hivyo wastaafu na walioacha kazi. Ila wale walikuwa wazima, wanakunywa maji.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, akitaka kulifunga jambo kwa methali kama kawaida ya waoga.

"Methali yako imechacha. Yeye hayupo. Lake mbona lipo, na linaongezeka?"

Hilo ndilo Bi Funguo hakutaka litajwe. Siku iliyofuata maziko, ripoti ilikuwa na mstari mmoja mwekundu. Kesho yake miwili. Keshokutwa mitatu. Kila siku saa sita faili moja jipya, haliruki Jumapili wala sikukuu, mpaka jana yametimia mia mbili thelathini na tisa. Wakati fulani umeme ulikatika mtaa mzima siku mbili, seva ikalala fofofo. Walipoiwasha wakakuta mawili yanasubiri. Bi Funguo alijiambia kaka kaacha kijiprogramu cha kuyatoa mdogomdogo. Alikitafuta seva nzima, akapekua mpaka kwenye vumbi la vumbi. Hakukiona. Tangu hapo ikifika saa sita alikuwa anatoka kwenda kuangalia mvua, hata kama kumekauka.

Mjane akamsogelea. Hakupaza sauti.

"Ulimfuta kwa haraka, wifi. Mrudishe kwa haraka hiyohiyo."

Neno hilo lilimwingia kama mwiba wa samaki. Bi Funguo akakaa kitini, akapuliza vidole vilivyoganda, akaandika. Mtumiaji mpya. Namba: 1014. Akabonyeza.

Mashine ikajibu mstari mmoja, naye akausoma mara tatu, midomo ikitembea.

"Inasemaje?" mjane akauliza.

"Inasema namba inatumika."

"Inatumika maana yake nini?"

"Maana yake ina mwenyewe. Na mwenyewe yumo humu, wifi. Kaingia tangu saa mbili asubuhi."

Mjane akakamata meza. Bi Funguo naye alikuwa hajui kama amekaa au ameanguka, lakini mkono wa fundi ni kama mguu wa kuku, hauachi kuparua. Akafungua orodha ya walio kazini, akashuka nayo mpaka 1014. Alipoona jina la pembeni akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Alikuwa karani mpya wa ramani! Yule babu mwenye mvi tupu, asiyeongea na mtu. Akamweleza wifi yake kosa lake bila kujitetea. Kaka alimfundisha kwamba namba ya marehemu haigawiwi: ukifuta jina, unaifunga namba kwa komeo lake, la sivyo mashine, kwa ubahili wake, itampa anayefuata. Naye kwa machozi ya wiki ile alisahau komeo. Babu wa watu alipoajiriwa akarithishwa namba ya maiti bila kujua, na kwenye lile kasha yeye ndiye kaka.

"Kwa hiyo anaweza kuifungua folda."

"Dunia nzima ni yeye peke yake."

Mjane alivuta pumzi ya kwanza ya asubuhi ile. Halafu akaikatiza katikati.

"Huyo karani kaanza kazi lini?"

"Miezi mitatu sasa."

"Basi ile mitano ya mwanzo, wifi, ni nani aliyekuwa anaongeza ma—"

Mlango ukafunguka. Ilikuwa saa sita na dakika mbili. Karani alisimama kizingitini, vipokea sauti vimemning'inia shingoni, na kiganjani ameshika flashi kama mtu aliyeokota jino.

"Samahanini," alisema. "Nilidhani ni utani wa ofisini, nikanyamaza. Kila siku saa sita kuna bwana ananiachia maneno kwenye kompyuta. Mimi nina wajukuu saba, ananiita mwanangu. Nimeyanakili yote humu, ya zamani na mapya, maana ni maneno mazuri. Lakini la leo," akamtazama mjane, akamtazama mtoto, "la leo amesema niyalete chumba cha seva, mama yuko huku ananisubiri."