Turubai la Kitinda

Wiki ile Bi Rula hakutulia. Ofisini alifungua faili, akalifunga, akaenda dirishani kutazama mawingu, akarudi na kulifungua lilelile. Mkuu wake akachoka.

"Bibi wee, keti basi. Unanitia kizunguzungu."

Jina la Bi Rula alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipanda milimani kusoma rula za kupimia kina cha mito, mpaka goti likamgomea akahamishiwa mezani. Nafasi yake ya milimani sasa kapewa Kitinda, binti yake wa mwisho, na safari ya kwanza ya binti huyo ilikuwa ya siku nane, mvua zikiwa zimepamba moto. Huko milimani ardhi ni tope na siafu, hakuna pa kusimamisha hema. Mtu hufunga machela yake ya kitambaa kati ya miti miwili, akalala humo akining'inia, na juu yake hutanda turubai. Hilo turubai ndiyo nyumba yake yote.

Basi Bi Rula akaenda duka la vifaa vya safari, mara ya tatu wiki ile. Muuzaji alipomwona mlangoni alishusha pumzi.

"Mama, nimeshakwambia, yote hayapitishi maji."

"Hata sufuria haipitishi maji, lakini silali ndani yake."

Akatandika maturubai sakafuni, akajilaza juu ya moja baada ya jingine, huku wateja wakimruka. Dogo lenye umbo la almasi lilimwacha miguu nje. La mstatili, jepesi, lenye vipande vya kufunga ncha zote mbili kama milango, alilikunja mkononi akaliona jembamba mno, kama leso. Mwishowe akachukua kubwa kuliko yote, zito, la rangi ya majivu.

Kitinda alijaribu kulinyanyua kwa mkono mmoja, akaliachia.

"Mama, hili la kufunikia lori. Nani atalibeba?"

"Utalibeba wewe. Una mgongo."

"Mgongo wenyewe una vyombo vya kupimia, chakula na nguo!"

"Basi punguza nguo."

Wakanuniana mpaka kesho yake mchana, mvua ilipoanza kumwagika. Bi Rula akasema hiyo ndiyo nafasi ya kujaribu. Wakafunga machela uani, kati ya mpera na nguzo ya tangi la maji, wakatundika turubai juu yake, na Bi Rula akajitosa ndani, goti bovu na yote. Hazikupita dakika kumi. Turubai lilielemewa na uzito wake lenyewe, likabonyea katikati, likajaa maji kama beseni, kisha kamba ikateleza. Bwawa zima likamshukia kifuani.

Kitinda alicheka hadi akashika nguzo. Halafu akaona mama yake hacheki. Alikuwa amekaa ndani ya machela, ameloa chapachapa, anatetemeka kupita baridi ya siku ile.

"Mama? Umeumia?"

"Mwaka ule niliorudi nimebebwa," Bi Rula akasema, "niliwaambia nyumbani ni homa. Haikuwa homa. Nililoa, nikapoa mpaka nikasahau jina langu. Dereva aliyekuja kunichukua aliniuliza naitwa nani, nikamtazama tu."

Kitinda akachutama kando yake, mvua ikimpiga mgongoni. "Turubai lilikuwa dogo?"

"Lilitosha. Nilikuwa nimechoka, nikalifunga juujuu, upepo ukaingiza mvua ubavuni. Nikaona uvivu kuamka kulishusha. Nikajiambia mvua itakatika tu."

Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo.

Kitinda akainuka. Alilikunja lile jitu la majivu, akalibeba begani hadi dukani, akarudi na lile la mstatili jepesi. Safari hii wakalitundika pamoja. Bi Rula akaelekeza: mgongo wa turubai ukazwe kama waya, upande wa upepo ushushwe karibu na ardhi, na kwenye kamba za machela ufungwe uzi mfupi, ili maji yanayotiririka kutoka mtini yadondokee hapo yasimfikie mlalaji. Kisha akaleta ndoo ya maji ya barafu.

"Tia mikono."

"Ya nini tena?"

"Tia. Huko hutafunga fundo kwa vidole vyenye joto."

Kitinda akatia mpaka vidole vikafa ganzi, akafunga, fundo likafunguka. Akatia tena. Mara ya sita fundo likashika, naye akamtolea mama yake macho kama aliyetukanwa. Bi Rula akalivuta kwa nguvu zote. Halikuachia.

Kitinda alipoondoka na mwenzake mpimaji, nyumba ilimshinda Bi Rula. Alifagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa. Siku ya nne simu ikaita, sauti ikikatikakatika.

"Mama, jana upepo uligeuka mara mbili. Nimeshuka mara mbili kulifunga upya. Mwenzangu ananiita kichaa."

"Umeloa?"

"Soksi moja."

"Ipi?"

"Mama!" Kitinda akacheka, na nyuma yake ikasikika mvua inapiga kitambaa. "Ngoja, kamba inalegea, nakwenda."

Simu ikakatika. Bi Rula akabaki nayo mkononi, amesimama katikati ya chumba. Akaenda dirishani, akarudi. Zilibaki siku nne, na alizimaliza hivyohivyo, akizunguka. Siku ya nane Kitinda aliingia amekonda, amejaa matope hadi masikioni, mkavu chini ya koti. Kabla hajavua viatu, mama yake alishapiga magoti mbele yake, goti bovu likilalamika, anamvua mwenyewe na kumpapasa nyayo kuona kama zina joto.